Mgongo wa Sahani

Taghreed alikuwa anachora vitu vilivyopangwa mezani, naye amefika kwenye ganda la limau, lile linaloning'inia ukingoni mwa meza, shangazi yake alipoingia.

"Sahani yangu bado imo kwenye malimau?" aliuliza Bi Sayyida.

"Waholanzi wa zamani walichora hivi, shangazi. Meli zilipowaletea vyombo vya China walipagawa. Hawachori meza bila chombo cha buluu."

"Watu hawajui hata kupika wali, chombo cha nini?"

Sahani ilitoka Unguja na familia, ikavuka bahari, ikatundikwa ukutani hapa Al Hail. Miaka arubaini ilifutwa vumbi palepale ilipo, mbele tu. Kila mgeni aliambiwa ni China ya asli, na jirani yao Balqees aliambiwa mara mbili.

"Kesho Balqees anakuja na mkwewe Sinan, bingwa wa vyombo vya kale. Nataka aishike, aigeuze, aseme mwenyewe, Balqees asikie."

Taghreed aliweka brashi chini. Asubuhi hiyo, alipoishusha sahani ili aichore, alikuta muhuri mgongoni mwake. Hakupenda kusema jambo kabla ya kulifikiri, lakini kesho haikuwa mbali.

"Shangazi, hii si ya Mchina. Nyuma pameandikwa Uholanzi. Walichoka kununua, wakaiga, wakatuuzia sisi."

Bi Sayyida alikaa kitako.

"Yaani Mzungu kamuiga Mchina, na weye unamuiga Mzungu?"

"Ndiyo."

"Na mie miaka yote nnamringia Balqees kwa sahani ya mwigaji!"

"Lakini nzuri."

"Uzuri sina shaka nao. Nna shaka na ulimi wa Balqees."

Aliitazama meza, kisha picha, kisha meza tena.

"Hebu niambie. Mchoraji akishapanga vitu vyake, mtu anaruhusiwa kuvigusa?"

"Hata kidogo. Kikisogea kimoja, vivuli vyote vinaharibika."

"Wala kugeuza?"

"Kugeuza ndiko marufuku kabisa."

"Alhamdulillahi. Umebakisha nini?"

"Ganda hili tu. Robo saa."

"Robo saa! Limau gumu hilo, mwanangu. Mafundi wakubwa hulichora siku tatu. Wallahi ukilimaliza leo, chakula cha usiku utakitafuta huko mbali, Matrah."

"Na Sinan akiuliza?"

"Mwambie sanaa haitaki papara. Anza mapema, wakukute umekunja uso."

Taghreed alichukua kitambaa, akaifuta nusu ya ganda aliyokwisha kuichora, rangi ingali mbichi, ili kesho apate la kufanya.