Punje za Kiganjani mwa Noé

Kalunga alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake ya Kamina, lungo mapajani, akichagua mawe katika mchele. Tangu vita vianze wauzaji walipima mchele pamoja na takataka za chini ya gunia, kwa hiyo kazi ilikuwa ndefu. Kando yake binti yake Béthanie alimnyonyesha Noé. Mtoto aliposhiba aliachia ziwa, akapiga chafya, akafungua kiganja cha kushoto. Ndani mlikuwa na punje nyeusi, ndogo kuliko ulezi.

"Leo ni mingi," alisema Béthanie.

"Jana uliwaza sana," alijibu mama yake, akazikung'utia kwenye kitambaa cheupe.

Ilikuwa hivyo tangu mtoto azaliwe. Kila akinyonya, punje. Kuku wa jirani, ambao hula hata sabuni, walizikwepa. Kalunga alizitupa kwenye moto wa mbabula, jiko lake la makaa, zikapasuka kama chumvi.

Walijua ni nini. Esdras, baba wa mtoto, karani wa reli, alikufa kwa kikohozi kabla Noé hajazaliwa. Béthanie alipopimwa damu siku ya kujifungua, muuguzi Mbayo aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba ni SIDA, yaani UKIMWI, na kwamba inaweza kupita katika maziwa. Alipoonyeshwa punje, Mbayo alivaa miwani, akatazama, akavua.

"Njo iko anachagua," alisema. "Mu damu ya mutoto muko basoda, baaskari. Banakamata ile mubaya, banaitosha inje. Lakini basoda bake bangali bakadogo, mama. Siku moja batachoka."

"Sasa tufanye nini?"

"Mumupe maziwa ya mukebe."

"Iko wapi?"

"Iko mu wagon."

Hakuhitaji kunyoosha kidole. Behewa lilionekana kutoka pale pale, limesimama kituoni, limejaa maziwa ya watoto. Jeshi lilikuwa limelishika. Lililindwa na vijana wenye makoti yaliyowafika magotini, na jua likipanda harufu ya maziwa ya unga ilivuka reli ikaingia majumbani. Kalunga alivaa sare ya kina mama wa kanisa, akaenda kuomba. Waliamkiana vizuri. Akaambiwa maziwa ni ya vita.

Basi Béthanie aliendelea kunyonyesha. Alimpa mtoto ziwa kama mtu anayempa kisu ashike, macho yote kwenye mkono, na hakushusha pumzi mpaka kiganja kifunguke.

Ndipo Chloé, dada yake Esdras, alipofika kutoka Kabongo kwa baiskeli, na mfuko wa unga wa mahindi. Katika ukoo wao shangazi ndiye humwonjesha mtoto uji kabla ya jino la kwanza, ili wazee waliokufa wamtambue. Kalunga alimwomba angoje, kwa kuwa Mbayo alikuwa amewakataza kuchanganya chakula kingine na maziwa ya mama, wale askari wadogo wasije wakashindwa kuchagua. Chloé aliitika.

Alasiri moja mama na binti walirudi kutoka kisimani wakamkuta Noé na midomo myeupe.

"Shangazi, umemupa nini?" aliuliza Béthanie.

"Uji. Mutoto wa kaka yangu iko anakonda, na ninyi kazi ni kumuangalia mukono tu, kama banganga."

"Umemupa leo?"

"Toka nilifika. Kila mukienda ku maji. Munakawiaka kule, munapiga masolo na bamama bengine."

Béthanie aliketi, akamnyonyesha. Kalunga alitandaza kitambaa. Mtoto alishiba, akaachia ziwa. Hakupiga chafya. Alifungua kiganja, nacho kilikuwa safi, chekundu, laini, kama cha mtoto yeyote.

Béthanie alitazama katikati ya vidole, kimoja kimoja. Kalunga alitazama lungo lake. Ukimwaga unga juu ya mchele, mawe huyaoni tena.

"Munaona?" alisema Chloé, akipiga makofi polepole. "Uji njo imemuponyesha. Mulikuwa munaogopa bure."

Kuku wa jirani walikuja, wakapanda juu ya kitambaa, wakadonoa bila woga. Mke wa ofisa mmoja wa jeshi alipita akitokea kituoni, beseni kichwani, mikebe imefunikwa kitenge. Aliwasalimu kama kawaida, nao wakamwitikia.

Noé alianza kulia tena kwa njaa. Kalunga aliwafukuza kuku, akakung'uta kitambaa, akakitandaza upya. Béthanie akafungua vifungo vya blauzi.