Nazi Mia na Nane za Beng Huat

Mimi ndiye niliyemfunga Jesper kitambaa cha njano kichwani, na kwa kitambaa hicho damu ilimwagika kwenye barabara ya Dato Keramat hadi mbwa wakaingiwa na haya.

Jesper alikuwa mpangaji wangu, Mdenmaki mrefu kama nguzo ya umeme. Wiki tatu alikaa chumba changu cha juu akiandika daftarini jinsi Wachina, Wahindi na Wamalai wa kisiwa chetu cha Penang wanavyoishi bila ugomvi. Nikamwambia abakize kurasa, sikukuu ya Thaipusam bado.

Siku moja kabla ya sikukuu, gari la madini ya fedha la mungu Murugan hupita kwetu asubuhi likivutwa na maksai, na kila mwenye nadhiri hurundika nazi zake kando ya njia. Azivunje zote kwa mkono wake kabla gari halijapita. Rundo la mtu haliguswi. Beng Huat, jirani yangu, Mchina muuza misumari, alirundika mia na nane. Zilikuwa za kumwombea mkewe, Siew Choo, aliyekuwa apasuliwe figo mchana ule ule.

"Anko Velu, nilindie, nikaoge nije safi," akaniambia.

"Nenda. Hata nzi hatatua."

Nzi hakutua. Alitua Jesper. Mimi nilikuwa nimesogea hatua chache tu, kwa Mama Kamala aliyekuwa akigawa bajia za dengu, nikimhadithia nilivyosukuma feri kwa mabega siku injini ilipozima katikati ya mlango wa bahari. Huku nyuma Jesper aliona watu wanapasua nazi, wanashangilia, naye akaanza. Hakuna aliyemzuia. Njano kichwani ni alama ya mwenye nadhiri, nani angemuuliza?

Beng Huat akarudi nywele zikichuruzika maji.

"We! Nazi za mke wangu hizo!"

Jesper, asiyeelewa neno, akatabasamu, akainua nyingine, akaitupa. Paa! Hakuwahi kuinua tena. Nazi ya Beng Huat ilimpata kifuani, kisha ngumi mdomoni. Meno mawili yakaruka; moja nililikuta baadaye kwenye mfuko wa shati langu. Lakini na kifundo cha mkono cha Beng Huat kililia kama kuni kavu, mkono wa kulia ukaning'inia. Jesper akaacha kutabasamu. Alimshika masikio mawili, akampiga kichwa cha pua.

"Huyo mrefu! Tafuteni na ngazi!" alipiga kelele Pak Din, muuza mishikaki.

Beng Chye, mdogo wake Beng Huat, akaja na ubao wa kreti, akamshushia Jesper mgongoni. Wapiga ngoma wa Kihindi wakaona mwenye nadhiri anapigwa na Wachina wawili.

"Mnampiga mtu wa Murugan?"

Wakaingia. Beng Chye alipigwa kwa ngoma mpaka ngozi ikapasuka, kichwa kikatokea upande wa pili. Vifuu vikaruka kama popo. Kimoja kilinichana sikio. Pak Din alichoma matako sita kwa vijiti vyake, bila kubagua kabila.

Ndipo tarumbeta ikalia. Gari limekata kona.

Beng Huat akatambaa hadi kwenye rundo. Akatupa kwa mkono wa kushoto. Nazi ikabingirika, nzima. Akalia kama mtoto. Akaifuata, akaigonga kwenye ukingo wa mtaro hadi ikafunguka. Nyingine. Nyingine. Mkono ulipochoka akatumia paji la uso. Kumi na mbili alizivunja hivyo, kwa haki ya mama yangu, damu na maji ya nazi vikimwingia machoni. Ya mwisho ilipasuka maksai wakimpumulia shingoni.

Kuhani akasimamisha gari. "Zimetimia?"

"Sabini na moja," akajibu Beng Huat. "Thelathini na saba kazivunja huyu."

"Alimvunjia nani?" kuhani akauliza.

Jesper alikuwa amepiga magoti, mdomo umevimba kama andazi. Nikamtegea sikio lililobaki.

"Sijui," akanong'ona. "Niliona raha tu."

Wote wakanitazama, wakingoja nitafsiri. Beng Huat zaidi ya wote.

"Anasema," nikapaza sauti, "alisikia mke wa jirani anapasuliwa leo. Kwao Denmaki jirani ni ndugu."

Kuhani akamtazama Jesper, akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Basi ni mia na nane."

Beng Huat akamrukia Jesper shingoni. Maskini Jesper alikunja ngumi tena, akidhani ni raundi ya pili, mpaka akasikia anabusiwa.

Siew Choo yuko hai. Kila asubuhi anamletea Jesper uji, maana hana cha kutafunia. Juzi alinishika mkono.

"Anko, nipe maneno yake yote. Nataka nimwandikie mama yake."

Nikampa. Safari hii nikamwongezea na machozi.