Kumi na Nne ya Nour

Mimi si mwoga. Waulize watu wa soko la Rumonge kama yuko aliyewahi kumdhulumu Zuwena muuza sabuni akarudi kwake anacheka. Lakini mwaka ule ziwa lilipopanda, nikajua woga ni nini. Maji yalianzia kwa jirani yangu Aziza. Yakaingia chooni, yakaingia jikoni, halafu asubuhi moja ukuta ukalala chini, na kiboko akasimama pale Aziza alipokuwa akisongea ugali, anatutazama kama sisi ndio wageni. Kati ya Aziza na sisi ulikuwapo uwanja wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani, basi.

Ni wakati huo huo mume wangu Hamidou akaamua kuuza shamba la michikichi la Kigwena. Shamba la marehemu baba yake, liko kwenye mwinuko, maji hata yakasirike vipi hayafiki. Ukiondoa ile nyumba, hatukuwa na kitu kingine duniani. Pesa alitaka kumtumia mdogo wake Nour kule Brussels, amnunulie fonds.

"Fonds ndiyo nini?" nikamwuliza.

"Ni kikapu, Mama Raisa. Ndani iko kampuni ndogo ndogo, mamia. Ukinunua kikapu umenunua kipande cha kila moja. Na kinauzwa sokoni kila siku. Kikipanda, tunajenga Bujumbura, huko juu kabisa."

"Na utajuaje kama hawakuuzii ghali?"

Alikuwa analingoja swali hilo. Nour alikuwa amemfundisha kwa WhatsApp. Unachukua bei, unaigawanya kwa faida ya mwaka mmoja. Ikitoka kumi na nne, maana yake unalipia faida ya miaka kumi na nne. "Vikapu vingine viko thelathini," akasema, macho yanang'aa. "Yetu iko kumi na nne! Hiyo ni bure, mwanamuke!"

Hesabu yenyewe haikunishinda. Baba mkwe wangu alikuwa hivyo hivyo, ukimtajia shamba linalouzwa anauliza kwanza, bei hiyo ni mavuno ya miaka mingapi? Nilielewa vizuri sana, na bado sikukubali. Nilikuwa namwangalia mama mkwe, Bi Biasha, ambaye miguu haimbebi tena. Maji yakiingia na Kigwena imeshauzwa, huyu tutamlaza wapi? Ndani ya kikapu? Nikamwuliza Hamidou maneno hayo hayo. Akasema nina mdomo.

Mnunuzi akapatikana haraka. Anaitwa Mulamba, Mkongomani mwenye biashara ya mawese, mtu mpole, mkubwa wa mwili. Siku ya kuangalia shamba tukaenda watatu.

"Tupite njia ya juu," Hamidou akasema. "Chini iko matope."

Matope yatoke wapi, wakati mvua ilikuwa imetupumzisha siku kadhaa? Nikanyamaza. Nilijua kilichoko chini. Nusu nzima ya shamba ilikuwa imeugua, makuti yananing'inia yamekauka, na tangu mwaka wa juzi michikichi ile haijatoa hata mkungu mmoja. Huko juu ilikuwa imebeba mpaka raha. Mulamba akahesabu mikungu ya miti kadhaa, akatafuta wastani, akauliza shamba zima ni miti mingapi. Hamidou akamtajia yote, ya juu na ya chini. Mulamba akabonyeza simu yake.

"Bei yako ni mavuno nane," akasema. "Si ghali. Ni sawa."

Hapo nikaogopa. Mungu anisamehe, si kwa kumwonea Mulamba huruma. Mawazo yangu yalikuwa Brussels. Nilijiuliza, na sisi je, nani anatupitisha njia ya juu?

Nikajifanya nakwenda haja. Nyuma ya kichaka nikampigia Nour, mara ya kwanza nikakosea namba.

"Shemeji, ile kumi na nne. Kampuni zinazopata hasara, zimo?"

"Kwenye kikapu? Zimo, ndiyo."

"Sikuulizi kikapu. Nauliza hesabu."

Akacheka kidogo. "Ah, kwenye hesabu wanazitoa. Kampuni isiyo na faida, utagawanya bei kwa faida gani? Iko imeandikwa chini ya karatasi kwa herufi ndogo. Si wizi, shemeji, wengi wanafanya hivyo."

"Ni nyingi?"

"Kama tatu kwenye kila kumi."

"Na bei yao tunalipa?"

Akaanza tena habari ya herufi ndogo.

"Tunalipa au hatulipi, Nour?"

"Tunalipa."

"Basi nipe hesabu na wao wamo ndani. Hasara zao uzitoe kwenye faida za wenzao."

Akasema iko pahali wameandika, ningoje. Nikangoja, nasikia sauti ya Mulamba anacheka huko na mume wangu, kicheko cha watu waliokubaliana. Wallahi nilitaka kulia.

"Ishirini na tisa," Nour akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini shemeji, hizi bado ndogo, zinaweza kukua."

"Na zinaweza kufa," nikamwambia, nikakata simu.

Nikarudi mbio. Nikamvuta Hamidou shati. "Baba Raisa, ile kumi na nne ni ishirini na tisa. Nour mwenyewe amesema."

"Nyamaza. Tunamaliza mambo hapa."

"Nisikilize kwanza!"

"Nimesema nyamaza!"

Mulamba alikuwa tayari amenyoosha mkono. Kwetu mke haharibu mapatano ya mume wake mbele ya mgeni. Sijawahi kufanya hivyo, hata na mdomo wangu huu. Nilimwona Bi Biasha ndani ya maji, nikamwona yule kiboko, nikasikia sauti inasema, na sauti ilikuwa yangu.

"Muzee Mulamba, kule chini umeshaona?"

Mkono wa Mulamba ukarudi. Hamidou hakugeuka kuniangalia. Tukashuka, na matope hayakuwapo. Mulamba akatembea polepole katikati ya michikichi mikavu, akashika kuti, likavunjika.

"Nusu nzima," akasema. "Hii si mavuno nane. Ni kumi na sita. Murakoze, asante sana, madame." Akapanda pikipiki yake akaenda.

Hamidou hakunipiga, hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Umenivua nguo," basi, na tangu hapo hakunisemesha tena. Alihamia sebuleni na mto wake. Kila akikohoa nilidhani sasa anaita watu wa ukoo, sasa natajiwa talaka. Nilipika, nilikata sabuni, nilienda sokoni nikagombana na wateja wasio na kosa, na woga wangu sasa ulikuwa wa aina mbili, wa ziwa na wa mume.

Ziwa likatangulia. Ilikuwa alfajiri, Bi Biasha akapiga kelele kwamba godoro lake limelowa. Tulipofika maji yalikuwa yanapita chini ya kitanda, meusi, na kiatu cha Raisa kinaelea. Hamidou akambeba mama yake mgongoni. Mimi nikabeba mtoto na sufuria. Petroli ilikuwa haipatikani, tukaungana na watu kwenye lori la ndizi mpaka Kigwena. Shamba la juu ni la mteremko, huwezi kusimamisha hata nguzo, kwa hiyo tukafunga mashiti ya plastiki chini, pale palipo sawa, katikati ya michikichi iliyokufa.

Tulikuwa bado tunafunga, simu ya Hamidou ikalia. Akasoma, akanigeuzia kioo. Ilikuwa meseji ya Nour: kile kikapu kimepanda tangu wiki ile ya Mulamba, na kimepanda sana. Nikawaza, sasa ndiyo basi, sasa ataniambia nirudi kwetu. Alikuwa ananitazama, na mimi nikashika kamba nikaendelea kufunga.

Bi Biasha alikuwa amelazwa kwenye jamvi, anazungusha macho kama mtu aliyeamka ugenini.

"Hamidou," akaita. "Hapa tuko kwa nani?"

Hamidou akaangalia simu. Akaangalia ile miti yake mikavu, yote, mpaka mwisho.

"Kwetu, mama," akasema. "Tuko kwetu."

Akaiweka simu mfukoni, halafu akaniuliza panga nimeliweka wapi, tuanze kukata yale makuti makavu.