Kitanda cha Mtu wa Tanuri

Bi Verna Hrabchak aliwaua majirani zake thelathini na mmoja, na kwa miaka arobaini hakuna aliyemshuku. Walikutana naye kanisani wakamsalimia, walikutana naye dukani wakamuuliza anavyopika kabichi yake. Naye aliwajibu kwa upole, huku moyoni akisema: wewe nilikupiga shoka, na mkeo nilimtumbukiza kwenye pipa la lami.

Filamu zilikuwa sita, zote za Mtu wa Tanuri, na zote zilirekodiwa pale pale mjini Brannock, kando ya mto, baada ya kiwanda cha chuma kufungwa. Rudy Kostelnik, mpiga picha za harusi, aliwaona wanaume wamekaa vibarazani wakitazama mabomba yasiyotoa moshi, akawaambia, "Njooni niwaue." Wakaja. Damu ilikuwa sharubati ya mahindi iliyotiwa rangi, matumbo yalikuwa soseji za mchinjaji wa mtaa wa pili, na muuaji alivaa joho la rangi ya fedha na kofia ya kufunika uso mzima, mavazi ya wafanyakazi wa tanuri la kuyeyushia chuma. Ndani ya joho hilo alikuwamo Verna, mhudumu wa wodi hospitalini, mwanamke mrefu kuliko wanaume wote wa mtaani kwao. Tangu shuleni walimwita Ngazi. Rudy peke yake ndiye aliyeutazama urefu ule akafurahi.

"Ila usimwambie mtu," alimwomba. "Muuaji akishajulikana ni nani, hatishi tena."

Verna alikubali, na neno lake halikuwa la kuchezea. Hata mumewe alikufa akiamini kwamba siku zile zote mkewe alikuwa zamu.

Kila Oktoba, Jumamosi moja, mji mzima hujazana kwenye ukumbi wa wazimamoto kuzitazama zote sita mfululizo, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni, kwa bisi na pirogi, vijisambusa vya viazi vilivyokaangwa na vitunguu. Siku hizi huja hata wageni kutoka mbali, vijana waliojichora ile kofia mikononi. Mwaka huu Bi Verna alikuja na binti yake Paulette, ambaye hakuwahi kuja hata mara moja kwa sababu damu ya filamu humtia kichefuchefu, na pia kwa sababu aliyaona mambo haya ni ya kishamba.

Na mwaka huu kulikuwa na koti. Waandalizi walilishona kwa kitambaa cheusi kizito, mgongoni limeandikwa MTU WA TANURI, akabidhiwe mwenyewe mwisho wa siku. Mwenyewe, kwa walivyoamini, alikuwa Chet Dombeck, ambaye alianza kujitangaza wiki moja baada ya Rudy kuzikwa. Rudy akiwa hai hakuthubutu.

Bi Verna hakulitaka koti. Ndivyo alivyojiambia tangu asubuhi, na filamu ya kwanza ilipoanza alikuwa ameshajiambia mara nyingi mno.

"Usifungue mlango!" ukumbi ulipiga kelele.

"Kafungua!"

"Basi mwache afe, hasikii!"

Paulette alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa cha shingoni. Alichungulia kidogo, akamtazama mama yake. "Mama! Unatabasamu?"

"Namtazama anavyotembea."

"Nani?"

"Huyo muuaji. Ana mwendo mzuri."

"Wee Mama, utanipa wazimu leo."

Kwenye skrini, Mtu wa Tanuri aliingia chumbani kwa Stush Pavlik, akamkata kichwa kitandani. Stush wa kweli, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa mbele kabisa kwenye kiti cha magurudumu, akikipigia makofi kifo chake. Kisha ukumbi mzima ukaanza, kwa sauti moja na kwa kupiga miguu sakafuni: "Tandika! Tandika! Tandika!"

Siku ya kurekodi kifo hicho, Rudy alisahau kuzima kamera. Verna, mwenye miaka kumi na miwili ya kutandika vitanda vya wagonjwa, aliona shuka limevurugika, na mikono yake haikungoja kuambiwa. Akalitoa lile lenye damu, akatandika jingine, kona akazikunja kama bahasha, akapitisha mgongo wa kiganja mara mbili kutoka kichwani mwa kitanda hadi miguuni. Rudy alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo Mtu wa Tanuri hakuacha kitanda hata kimoja bila kukitandika, na watu wakasema hakuna muuaji wa kutisha kama huyo, muuaji asiye na haraka. Bi Verna aliitazama mikono yake ya ujana ndani ya glavu zile, na kifua kikamjaa fahari mpaka ikambidi akohoe.

Filamu ya sita ilipokwisha, Gwen, mkuu wa wazimamoto, alipanda jukwaani na kipaza sauti, akamwita Chet. Watu wakasimama. Chet akavishwa koti.

"Jamani, kofia ile ilikuwa na joto!" alisema. "Nilipungua kilo saba!"

Bi Verna akalimeza hilo. Chet akasimulia kwamba kutandika kitanda lilikuwa wazo lake, lilimjia akiwa anaoga. Akalimeza na hilo pia, ingawa lilikwama kidogo. Ndipo vijana wawili wakasukuma kitanda mpaka katikati ya jukwaa, godoro tupu, mashuka juu yake.

"Haya, mzee," Gwen akasema. "Tuonyeshe."

Chet akalitupa shuka juu ya godoro. Upande mmoja ulifika chini, mwingine haukufika popote. Kona akazisukumia ndani kwa ngumi, blanketi akaliweka kichwa chini miguu juu, akapigapiga mto, akainama kupokea makofi. Watu wakacheka, wakampigia makofi kwa nguvu. "Uzee huo, Chet!"

Bi Verna akakitazama kile kitanda. Koti angeweza kulisamehe, na uongo angeweza kuusamehe. Kitanda kile, mbele ya watu mia tatu, kwa jina lake, hakuweza. Alimwahidi Rudy kwamba kinywa chake hakitasema. Kuhusu mikono hakuahidi chochote.

Akainuka.

"Mama, choo ni huku," Paulette akamnong'oneza.

"Siendi chooni."

Alipanda ngazi za jukwaa moja moja, goti likimuuma. "Sogea, Chet," akasema.

"Vipi, Bi Verna?" Gwen akauliza.

Bi Verna alivua kila kitu kitandani, akaanza upya. Shuka lilipaa, likatua pale alipotaka litue. Kona ya kwanza ikakunjwa, na kicheko kikapungua. Ya pili ikakunjwa, kikaisha. Alipopitisha mgongo wa kiganja mara mbili, kutoka kichwani mwa kitanda hadi miguuni, ukumbi mzima uliitambua ile mikono.

Chet alikuwa mwongo lakini hakuwa mjinga. Akavua koti taratibu, akaliweka juu ya blanketi.

"Mama?" Paulette alikuwa amesimama juu ya kiti, amesahau kichefuchefu chote. "Mama, ni wewe?"

"Ni mimi," Bi Verna akasema. "Wote thelathini na mmoja. Niliwaua mimi."

"Sasa mnashangaa nini?" Mzee Stush alisema kutoka mbele. "Mimi nilijua siku ile ile. Mgongo wangu ulikuwa umeumia kiwandani. Kabla Rudy hajawasha kamera, muuaji alikunja taulo, akaniwekea chini ya kiuno kama wafanyavyo wodini, akaninong'oneza, 'Unaumia?' Halafu akanikata kichwa."

"Miaka arobaini, Stush! Mbona hukusema?"

"Wewe hukutaka ijulikane. Na mimi nikajiona mtu mkubwa, Verna. Mji mzima umeuawa na Mtu wa Tanuri. Mimi peke yangu ndiye niliyetembea nikijua nimeuawa na wewe."