Mpiga Picha wa Upande wa Pili

Loretta Dvorak hakuwa na ugomvi na Seneta Royce Hallam. Aliajiriwa kumfuata, basi. Tangu kiangazi mpaka theluji ilipofunika mashamba ya mahindi ya Iowa, kila alikokwenda seneta kuomba kura za urais, Loretta alikuwa nyuma yake na kamera, ametumwa na kampeni ya mpinzani wake ndani ya chama. Alichotakiwa kupata ni kosa moja tu: ulimi uteleze, hasira zipande, amfokee mtu. Alikuwa ameshapita miaka hamsini, mpiga picha wa televisheni ya Cedar Rapids mpaka kituo kilipopunguza watu. Wenzake wa kazi hii mpya walikuwa wadogo kwake kwa mbali, na magoti yao yalikuwa hayajaanza kulalamika.

Wasaidizi wa seneta hawakumpenda. Aliyezidi ni jamaa mmoja mrefu aitwaye Teague, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya kamera ya Loretta na bango. Loretta akisogea kushoto, bango nalo kushoto. Akirudi kulia, nalo kulia. Kuna mikutano walimaliza hivyo hivyo, kama watu wawili wanaopishana mlangoni wakashindwa.

Seneta mwenyewe alishamzoea. Akiingia ukumbini humtafuta kwa macho.

"Umefika, dada?"

"Nimefika, Mheshimiwa."

"Barabara vipi?"

"Barafu tupu."

Siku moja huko Decorah alimtumia bakuli la maharage ya nyama na mkate wa mdalasini, kama wanavyokula watu wa huko. Loretta alikwenda kulila garini, maana haikufaa aonekane anakula na watu wa Hallam.

Hotuba ilikuwa ile ile, asubuhi, mchana na jioni. Loretta alishaijua kuliko alivyozijua sala zake. Alijua seneta atajikuna sikio wapi, na wapi atasubiri watu wacheke. Wakati mwingine akiendesha peke yake alijikuta anaihutubia njia nzima.

Basi ikawa mwezi Januari, alasiri, katika ukumbi wa kanisa mjini Ottumwa. Seneta alikuwa na mafua yasiyoisha, na alikuwa ametoka kwenye mikutano mingine miwili. Alifika pale anapomsimulia baba yake, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyefilisika. "Siku baba alipouza ng'ombe wa mwisho," akasema, kisha akanyamaza.

Watu walidhani ni uchungu. Wakangoja. Mtu akakohoa. Seneta akaipitisha mikono juu ya meza kama anatafuta miwani, akazitazama nyuso zilizokuwa mbele yake, zote ngeni, mpaka macho yakatua kwa Loretta. Teague alikuwa amegeuka kumtazama bosi wake, bango limeshuka.

"Alirudi kufagia zizi," Loretta akasema, bila kuitoa kamera usoni.

"Alirudi kufagia zizi," seneta akaitikia. "Zizi tupu." Akaendelea mpaka mwisho, na watu wakapiga makofi kama kawaida.

Garini Loretta alikaa na video ile mkononi. Alifikiria kutoituma. Lakini nusu ya ukumbi ilikuwa na simu zinazorekodi, na yeye kazi yake ndiyo hiyo. Akaituma nzima. Hajaondoka pale, simu ikalia. Alikuwa Colby, bosi wake wa Des Moines.

"Mama, umetuletea dhahabu. Ila kuna sauti ya mtu humo inamkumbusha."

"Ni yangu."

"Hivi wewe unafanya kazi kwa nani?"

"Ilinitoka tu, Colby."

"Basi na sisi tutaitoa tu."

Jioni ile nchi nzima ilishaiona. Sauti ya Loretta haikuwamo, na ule ukimya walikuwa wameurefusha kwa kuurudiarudia. Kisha video ilikatwa kabla seneta hajafungua mdomo. Wachekeshaji wakapata riziki. Daktari ambaye hajapata hata kumsalimia Hallam alikaa kwenye televisheni akaeleza ubongo wake ulivyo.

Kesho yake Teague alimkuta kwenye kituo cha mafuta, akafungua mlango wa gari, akaketi bila kukaribishwa. Safari hii hakuwa na bango. Aliiomba video nzima, maana zile za simu za watu zilichukuliwa kwa mbali, hazisikiki. Loretta akamwambia kwamba alitia sahihi kutoitoa, na akiitoa hana kazi, na pengine atashtakiwa. Teague akasema anajua, ndiyo maana anaomba. Wakakaa wakitazama kioo kikipata ukungu. Mwisho Loretta akawasha gari, wakalifuata basi la kampeni.

Ndani ya basi mlinuka dawa ya kikohozi. Seneta alikuwa amevua viatu, miguu kaielekeza kwenye joto. Aliitazama ile video mara moja, akairudisha.

"Acheni," akasema.

"Mheshimiwa, itaonyesha kwamba wamekata," Teague akamwambia. "Itaonyesha wamedanganya."

"Wamedanganya urefu. Kusahau nilisahau." Akamgeukia Loretta. "Baba yangu mzazi, dada. Nakumbushwa habari zake na mtu aliyeletwa kuniangusha. Hiyo ndiyo niwaonyeshe watu?"

"Ulikuwa umechoka."

"Wewe hujachoka?"

"Nimechoka sana."

"Nenda nyumbani ukalale. Usipoteze kazi kwa ajili yangu, haitasaidia kitu."

Loretta hakuweza kuendelea. Siku iliyofuata aliirudisha kamera Des Moines. Alijiandaa kukaripiwa, lakini Colby alikuwa na simu sikio hili na lile, akamwonyesha kwa kidevu mahali pa kuiweka.

Jioni ya chama kuchagua mgombea wake wa urais, aliongozana na jirani yake Verna, kila mmoja na gari lake, mpaka ukumbi wa michezo wa shule ya mtaani. Watu hujipanga kwa makundi, kila mgombea na pembe yake, wakahesabiwa hapo hapo. Verna alikwenda kwenye kundi kubwa. Loretta alikwenda kusimama chini ya kikapu cha mpira, kwa watu wa Hallam: mwalimu mstaafu, mtu na mkewe, na wengine wachache. Hawakutosha idadi inayotakiwa. Na kundi lisilotosha huvunjwa, watu wake wakatafute kwingine, kwa hiyo majirani walianza kuja kuwabembeleza.

"Njoo kwetu, Loretta," Verna akamwita kutoka ng'ambo. "Tuna biskuti. Na viti vipo. Hapo unaulinda ukuta tu."

Watu walicheka, hata wa Hallam. Mmoja mmoja wakaondoka. Msimamizi alipomjia kuuliza amwandike wapi, Loretta akamwambia asimwandike popote, anakwenda kulala. Nje gari lilikuwa limefunikwa na theluji. Alikwangua kioo mahali pa kumtosha kuona njia, akaondoka.

Hallam alijitoa asubuhi yake. Verna alikuja kugonga ampe habari, akagonga tena, akaona gari lipo na mapazia bado yamefungwa, akamwacha alale, akarudi kwake.