Beti Tano kwa Shemweta, kwa Waya na kwa Hewa

Usiku wa jana niliota ni saa sita mchana, nami nimesimama katika chumba cha kompyuta cha chuo chetu, nimeshika shairi la beti tano. Lilikuwa shairi la kumwomba radhi Shemweta, rafiki yangu na mshairi mwenzangu. Kwa miezi mitatu tulikuwa hatusemeshani, tangu siku ya posa yake, nilipomwambia mbele ya wakwe zake kwamba mishororo yake inachechemea. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Sasa alikuwa amepata kazi Tunduru, na asubuhi anaondoka.

Alikuwa chumba cha pili. Nilimsikia akikohoa. Nikaenda mlangoni, lakini mlango haukuwepo. Mahali pake palichomoza waya wa buluu.

"Pita hapa," waya ukasema.

"Mimi ni mtu mzima."

"Wakubwa kuliko wewe wamepita. Juzi nimepitisha harusi nzima, na bendi yake."

Nikaingia. Ndani mlikuwa na nyuzi nane, zimesokotana mbilimbili. Nikaziuliza kwa nini zimekumbatiana hivyo mchana kweupe.

"Tukilala sambamba tunadaka maneno ya jirani," zikajibu. "Tukisokotana, umbea unapungua."

Waya ukanitema mbele ya mama mmoja aliyekaa juu ya rafu. Alikuwa na milango ishirini na minne kifuani, na juu ya kila mlango taa ndogo ya kijani ikikonyeza.

"Mimi ndiye Swichi, mgawa njia wa kompyuta zote za chuo," akasema. "Unatoka wapi, unakwenda kwa nani?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi, Hoza, mshairi. Nakwenda kwa Shemweta."

"Marahaba. Hoza ni namba gani?"

"Mama, mimi najulikana wilaya nzima!"

"Hapa hatujuani kwa sifa, mwanangu. Geuka."

Nikageuka. Akanisoma namba kisogoni, ndefu, yenye herufi ndani yake, akaiandika daftarini pamoja na mlango nilioingilia. Kisha akapaza sauti katika milango yote kwa mpigo: "Shemweta ni nani hapa?"

"Si mimi," akasema Printa.

"Si mimi, na nina usingizi," ikasema kompyuta ya mhasibu.

Halafu kwa mbali, kupitia mlango wa kumi na saba: "Mimi. Kuna nini?"

Ilikuwa sauti yake.

"Hatumii waya huyo, yuko hewani," Swichi akasema, akiandika. "Utapitia kwa Mzee Waifai. Lakini shairi lako ni pana kuliko mlango. Likatwe."

"Shairi halikatwi! Shairi si muwa!"

"Basi kaa nalo."

Nikalikata. Ubeti kwa ubeti, kila mmoja katika bahasha yake. Mama Swichi akanipa kalamu nizitie namba, moja hadi tano. Nikakataa. Beti zangu zinajuana, nikamwambia, zitajipanga zenyewe zikifika.

Zikaondoka. Punde si punde nne zikarudi zimejikunyata, zimebandikwa karatasi kutoka upande wa Shemweta: *Nimepokea moja. Hizi nyingine zinaishia kwa maneno yaleyale, nikadhani ni ile ile inajirudia.*

Ni kibwagizo! Nilijipinda wiki nzima kupata mshororo mmoja wa kufungia kila ubeti, na mshororo huo ndio ulionitupia shairi nje.

"Kalamu, mama," nikasema. Sikumtazama usoni.

"Ichukue. Hata wafalme wametiwa namba."

Nikaziandika namba zote tano, nikazibeba mwenyewe. Mlango wa kumi na saba unafunguka na niko jikoni mwa chuo, na jikoni ni uwanja wa mpira. Katikati amesimama Mzee Waifai, mweupe, ana pembe mbili. Simu hamsini zimekaa chini zinamzunguka. Kando yake jiko la umeme linapasha makande na kunguruma.

"Hapa anasema mmoja mmoja," mzee ananiambia. "Sikiliza kwanza. Pakiwa kimya, sema."

Sawasawa na sisi kwenye malumbano: mwenzio akiwa katikati ya ubeti, humwingilii. Nalijua hilo. Lakini naona saa, naona basi la Tunduru limeshawashwa pale golini, damu inachemka. Naanza ubeti wa kwanza kwa sauti yangu yote. Kumbe simu moja nyekundu nayo inaanza. Maneno yetu yanagongana hewani na kuanguka kama unga.

"Mmeharibu wote wawili," anasema Mzee Waifai bila hasira. Anatupa kokoto kupiga kura. "Wewe Hoza, nyamaza kwa hesabu ya saba. Simu nyekundu, hesabu ya tatu."

"Kwa nini mimi saba?"

"Kokoto haijui wewe ni nani."

Nikanyamaza. Naapa, sijapata kunyamaza hivyo tangu nizaliwe. Na kwa kuwa nimenyamaza, nikasikia ujumbe wa ile simu nyekundu. Ilikuwa simu ya Shemweta, anamwandikia mama yake: "Nimeshafunga mizigo. Hoza hajaja. Nilidhani atakuja."

Hesabu ya nne. Ya tano. Ya sita. Ya saba.

Nikasema polepole, ubeti mmoja mmoja, nikingoja kila mmoja ujibiwe. Wa kwanza: "Umefika." Wa pili: "Umefika." Kisha uwanja ukakunjwa, mbele yangu pakasimama ukuta. Ukuta wenyewe ni wakwe zake Shemweta, wamepangwa mmoja juu ya mwingine kama matofali, wamevaa zilezile nguo za posa.

"Sisi ni ukuta," wakasema. "Kila linalopita hapa linadhoofika."

"Naomba njia, wazee wangu."

"Siku ile uliomba?"

Nikausukuma ubeti wa tatu, ule wenye toba yenyewe. Ukapita kwa wajomba ukiwa mnong'ono, ukafika kwa mama mkwe ukiwa pumzi tu. Mama mkwe akaukalia. Wa nne na wa tano zikapenya pembeni yake. Nikangoja jibu la ule wa tatu. Halikuja. Basi likapiga honi, nikaamka.

Kumekucha. Shairi liko mezani, kwa mwandiko wangu, halijatumwa kwa yeyote. Sijamsomea mtu, wala kompyuta sina nyumbani.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Shemweta, wa kwanza kwa miezi mitatu: "Hoza, nimepata wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano. Wa tatu sijauona. Rudia."

Nikampigia. Akapokea hata haijalia mara mbili.

"Haya," akasema. "Polepole. Nina kalamu."

*Nilisema nisikie, sifa watu wakicheka,*
*Ulimi uniumie, kwa neno lililotoka,*
*Naomba unirudie, sahau yaliyozuka,*
*Shemweta nifungulie, mlangoni nimefika.*

Pakawa kimya. Sikukiingilia.

"Umefika," akasema. "Sasa njoo unisaidie kufunga godoro, mjinga wewe. Chai iko jikoni."