Komeo la Mama Namsifu

Saa nane mchana Nakijwa anasinzia kwenye kiti cha kamba cha marehemu mama yake, na mlango wa sebule uko wazi. Hilo la mlango ana uhakika nalo, maana yeye ni mkaguzi wa mizani na hasemi jambo ambalo hakulitazama. Mapajani ana daftari lenye misemo kumi na moja ya mama huyo, Mama Namsifu, kila mmoja na mahali uliposemwa: jikoni, shambani, kanisani mchungaji akichelewa. Wa kumi na mbili haupo. Kesho ukoo unamaliza matanga, na kila mtoto atasema neno ambalo mama alikuwa akimwambia yeye peke yake. La Nakijwa lilikuwa la mlangoni, kila alipoondoka kurudi shule ya bweni, na limemtoka tangu wiki ya mazishi. Dada, kama halimo daftarini basi limetoroka, mdogo wake Apaisaria amemtania kabla ya kwenda nyuma ya nyumba kuchuma kisamvu. Lala kidogo, huenda likarudi lenyewe.

Analala, na kamba za kiti zinalegea chini yake, zinanyooka, zinakuwa barabara, naye yumo barabarani akitembea. Barabara inapita kati ya miji miwili inayotazamana kama uso na kioo. Kila nyumba ya kulia ina mwenzake kushoto, na zote ni nyumba ya mama, bati lile lile, kizingiti kile kile kilicholika katikati. Anahesabu milango mpaka arobaini, na wa arobaini na moja ni ule wa kwanza. Anaingia, anatoka, anageuka kufunga, mlango unafunguka. Anaingia mwingine, anatoka, anafunga, unafunguka. Katika nyumba ya saba, au ni ile ile, ameketi mtu anayechambua maharage kwenye ungo, na pale uso unapopaswa kuwa pana ulaini mtupu, kama tako la sufuria lililosuguliwa kwa majivu. Shikamoo, anasema Nakijwa. Marahaba, umekula? Sikuja kula, natafuta neno. Mgeni hangoji njaa imtambulishe, anasema yule, na Nakijwa anautambua msemo huo, ni wa tatu daftarini, jikoni. Anauliza mji huu una milango mingapi. Chumvi huongezwa, haipunguzwi. Hilo si jibu, anasema Nakijwa. Kwa mboga ni jibu, anasema asiye na uso, na mabega yake yanacheka. Wewe mtoto, ukifikishwa mbinguni utaomba kwanza uione mizani yao. Nakijwa naye anacheka, maana ni kweli. Kisha anauliza, mbona milango hii haifungiki? Siku ya mazishi, anaulizwa naye, nani alifunga mlango wa mama yako? Mimi, nilikuwa wa mwisho kutoka, nilitia kufuli nikalivuta mara mbili kuhakikisha. Yule anaokota kijiwe kwenye maharage, anakitupa nje. Na alipokuwepo yeye, uliwahi kuufunga? Nakijwa anafikiri kwa uangalifu, mwaka baada ya mwaka. Hata mara moja, anasema.

Basi anatoka, na safari hii hageuki. Ni vigumu kuliko alivyodhani. Mikono inataka kazi yake, anaibana ubavuni. Hatua moja, mbili, tatu, na kichwani pana uzito wa sanduku la bati, naye ana miaka kumi na mitatu. Nyuma yake kikohozi kifupi, halafu sauti: nenda mwanangu, usigeuke kufunga, mlango hufungwa na anayebaki. Komeo linaanguka kwa vishindo viwili, kama siku zote, kwa sababu misumari yake imelegea. Anatembea. Miji yote miwili inanukia maharage yanayochemka, na hana haraka.

Dada! Dada Nakijwa, fungua bwana, mikono imejaa kisamvu! Ni Apaisaria, yuko nje. Nakijwa anafumbua macho. Mlango umefungwa, na komeo limeanguka kwa ndani. Anakagua vyumba vyote vitatu na chini ya kitanda, hakuna mtu. Analiinua komeo na kuliachia mara tatu, na mara zote tatu linabaki juu. Haliwezi kuanguka bila mkono. Kwa hiyo ama ameinuka akiwa usingizini akafunga mwenyewe, ama hajaamka bado. Analiteremsha tena, anaandika msemo wa kumi na mbili, na mahali pake: mlangoni. Umelala au umekufa? anaita Apaisaria. Nani amefunga huu mlango? Amefunga anayebaki, anajibu Nakijwa. Nje Apaisaria anacheka taratibu. Hilo ni la mama. Haya, wewe unayebaki, fungua basi. Nakijwa anaweka kidole kwenye komeo. Lina joto, kama kikombe kilichotoka kushikwa. Upande wa pili huenda pana uwanja na mdogo wake, huenda pana barabara na miji miwili. Anafungua.